Sanduku Lililoachwa

Kila asubuhi Mwalimu Onodera, mfinyanzi, alikunywa chai akiwa amepiga magoti mbele ya mtungi wake. Asubuhi hiyo kikombe kilimponyoka. Rafu ilikuwa tupu.

Inspekta Kuwabara alifika karakanani hapo mjini Mashiko, Japani, kabla vigae vya kikombe havijaokotwa. Madirisha mazima, kufuli zima. Sanduku la mbao la mtungi lilikuwa palepale, saini ya Onodera imeandikwa kwa wino mweusi kwenye kifuniko.

“Mtungi wenyewe una saini?”

“Hausainiwi, Inspekta. Jina huandikwa kwenye sanduku. Na kesho mtungi unakwenda makumbusho, Tokyo!”

“Bila sanduku utauzika?”

“Nani anunue? Utakuwa chungu tu.”

“Basi mwizi wetu ameutaka mtungi, jina lako hakulitaka.”

Onodera alikunja uso. Mkewe, Chizuru, aliinama akiokota vigae.

“Picha hii inaonyesha upande mmoja,” Kuwabara alisema, akiinua picha ya mtungi iliyokuwa sandukuni. “Nichoree mapambo ya upande wa pili.”

Onodera alishika brashi. Akaiweka chini. “Chizuru, mchoree afande. Mkono wangu unatetemeka.”

Chizuru alichora bila kusita: matete yameinamishwa na upepo, ndege mmoja amejibanza katikati.

Kuwabara alilinganisha mchoro na picha. Mkono uliochora ni uleule. Damu ikamchemka.

“Nani huchora mitungi yako, Mwalimu?”

“Karakana ina mwenyewe! Jina ni la mwenye karakana, ndivyo tulivyokuta.”

“Na huyu mama?”

“Ananisaidia.”

“Anakusaidia!” Inspekta alipaza sauti. “Brashi hujui hata pa kuianzia, halafu anakusaidia?”

Akamgeukia Chizuru, sasa kwa upole. “Mama, mtungi uko wapi?”

“Jikoni. Nimeutia figili za chumvi.”

“Figili!” Onodera aliruka. “Mtungi wa makumbusho! Mkamate, Inspekta!”

“Kwa kosa gani? Kuficha kazi ya mikono yake?”

Onodera alimkabili mkewe. “Umenivua nguo mbele ya watu! Miaka yote hii umenyamaza. Unataka nini?”

Chizuru alisimama. Macho hakuyashusha.

“Wewe uliufinyanga. Mapambo ni yangu. Sitaki mtungi uende Tokyo na jina lako peke yako. Niliuchora mimi, Onodera, na nataka watu wajue.”