Taa Chini ya Stika

Kila mchana Exaucée na binamu yake Michée walianza kula kwa salamu za ngumi. Sahani ya bukari, yaani ugali, ilikuwa moja, bakuli la ndakala, wale samaki wadogo, lilikuwa moja, na mikono ilikuwa minne. Siku hiyo Michée aliivuta sahani upande wake. Exaucée akamfinya sikio. Michée akamng'ata kidole, na tonge likaanguka chini, likaliwa na kuku. Kuku huyo alikuwa amenenepa kuliko mtu yeyote katika nyumba ile.

"Hii vita yenu itaisha siku gani?" aliuliza Tonton Donat, mjomba wao, fundi wa umeme wa magari. Gereji yake ilikuwa hapo hapo mbele ya nyumba, katika mtaa wa Hewa Bora. "Sahani inakaa katikati. Mwenye kuivuta ni mwizi, hata akiwa na njaa."

Kabla hawajajibu, honi ililia nje. Alikuwa Stanislas, dereva wa taksi. Saa za zamani za gari lake, zile za kuonyesha mwendo, zilikuwa zimekufa, naye amenunua nyingine za dijitali huko Kasumbalesa, zenye namba za buluu kubwa kama meno ya farasi.

Tonton Donat aliwaita watoto. Exaucée alikuwa na miaka kumi na mitatu, na kwa muda mrefu alikuwa anaomba aachiwe kazi ya waya peke yake.

"Chini kule kuna kidude kinachohesabu mwendo wa gari," mjomba alieleza. "Sisi mafundi tunakiita capteur. Kiko kimoja, lakini wanaokula kwake ni wawili: hizi saa mpya na kompyuta ya injini. Huu ndio waya wake. Musiukate! Chuneni ngozi kidogo tu, muunganishe waya wa saa pembeni, ili wote wawili wale sahani moja. Exaucée, leo ni kazi yako. Mie naenda Karavia, kuna gari imekwama."

Mjomba hajafika hata barabarani, Michée akanyakua koleo.

"Lete! Amesema ni kazi yangu!"

"Weye ni mwanamke, utachuna nini? Chuna viazi!"

Exaucée alimpiga kichwa cha tumbo. Michée akamshika nywele. Walibiringika juu ya viti vya taksi, miguu ikipiga vioo, kila mmoja akiling'ang'ania lile koleo. Mara likajifunga lenyewe: kwa! Waya ukakatika.

Waliachiana.

Kipande cha kwenda kwenye kompyuta kilikuwa kimeponyoka nyuma ya chuma. Kukifikia kulitaka kufungua dashibodi yote, na kueleza kwa nini. Stanislas naye, aliyekuwa kivulini ng'ambo ya barabara, alikuwa anapiga kelele kwamba abiria wanamngoja. Exaucée akaunganisha waya wa capteur na saa mpya peke yake, akafunga utepe mweusi, akanyamaza.

Stanislas alizunguka mtaa mara moja, akarudi anacheka. Namba zilikuwa zinapanda na kushuka vizuri. Aliposhuka kununua maji, ndipo watoto walipoona taa ndogo ya njano, yenye picha ya injini, imewaka. Michée alitoa stika aliyopewa kanisani, MUNGU NI MWAMINIFU, akaibandika juu ya taa ile.

"Ah! Mumeibariki gari yangu!" alisema Stanislas. Akaibusu stika, akaondoka.

Jioni Tonton Donat aliuliza, "Mulichuna ao mulikata?"

"Tulichuna, Tonton," alisema Exaucée, akiangalia kuku.

Kesho yake, wakitoka shule, waliiona taksi ikiteremka kuelekea soko. Stanislas aliondoa mguu kwenye mafuta ili apunguze mwendo. Injini ikazimika. Usukani ukawa mzito, breki ikawa ngumu kama jiwe. Gari likamgonga Mukuka, kijana aliyekuwa anasukuma baiskeli ya makala, yale makaa ya kupikia, likamtupa, halafu likavunja meza ya nyanya za mama yake, Mama Chishimba. Mukuka alilala katikati ya makala na damu, mguu wake umepinda mahali ambapo mguu haupindi.

Watu walijaa mara moja. Walimtoa Stanislas kupitia dirisha.

"Injini ilikufa yenyewe!" alilia.

"Muongo! Amekunywa lutuku!"

Ngumi ya kwanza ilimpasua mdomo. Ubao wa meza ukamshukia mgongoni. Alipoanguka, viatu vilianza kazi, na hata watu waliokuwa hawajui kilichotokea walisogea ili wasikose zamu yao. Mwanaume mmoja alikuja mbio na kidumu cha petroli.

Michée alimvuta Exaucée mkono. "Yaya, dada yangu, twende! Wakijua, watatuua sisi."

Exaucée aligeuka aondoke. Akapiga hatua. Kisha akamsikia Stanislas akiwaita watoto wake, mmoja mmoja, kwa majina. Akajitupa katikati ya watu.

Kiwiko kilimpiga mdomoni. "Ni mie!" alipiga kelele. "Nilikata waya!" Mtu akamzaba kofi hadi akaona nyota mchana. "Mutoto wa nani huyu anatetea mulevi?"

Hakuna aliyemsikiliza. Akapenya chini ya mikono, akaingia ndani ya taksi, akapiga honi bila kuiachia.

"Mama Chishimba! Kuja uone! Ukiona naongopa, nichomeni na mie!"

Mama Chishimba alisogea, ameshika mwiko wa bukari mkubwa kama kasia, machozi na makala usoni. Exaucée aliwasha injini. Taa ndogo za dashibodi ziliwaka zote, kisha zikazimika. Akaibandua stika. Ile ya njano peke yake ilibaki inawaka.

"Hii ilikuwa inasema injini iko mugonjwa. Ni sisi tuliifunika. Waya wa kompyuta niliukata, nikaficha. Kompyuta ikakosa hesabu ya mwendo, ikaacha injini ife."

Mama Chishimba aliisoma stika polepole. "Taa ilikuwa inalia, na nyie mukaifunga mdomo kwa jina la Mungu?"

"Ndiyo, Mama."

Mwiko ukapanda juu. Exaucée alifumba macho, akangoja. Mwiko ukashuka, kwaa! juu ya mkono wa yule mwenye petroli, kidumu kikaruka mtaroni.

"Weye!" alinguruma Mama Chishimba. "Mutoto wangu anatoka damu, na weye unatafuta nyama ya kuchoma? Mubebeni hospitali! Na huyu dereva vilevile! Upesi, kabla sijaanza kuhesabu vichwa!"

Na wale wale waliokuwa wanapiga wakaanza kubeba.

Siku chache baadaye Stanislas alikuja gereji, jicho moja limefungwa kama duka siku ya Jumapili. Tonton Donat alifungua dashibodi yote. Aliinua mkono ampige Exaucée, akaliona shavu lake lililovimba, akaushusha.

"Hilo limeshapokea ya leo na ya kesho," alisema. "Shika koleo. Michée, shika taa."

Exaucée aliunganisha ncha tatu: ya capteur, ya saa, ya kompyuta. Walijaribu gari. Namba zilipanda, zikashuka, na injini haikuzimika. Taa ya njano ilizimika pia, Tonton Donat alipomaliza kufuta kwa mashine yake kosa lililobaki ndani ya kompyuta.

"Sasa musikie," alisema mjomba. "Kukata waya ilikuwa ajali ya kijinga. Mungeniambia, ningewapigia kelele na kazi ingeisha. Lakini mulificha, na siri yenu ikavunja mguu wa Mukuka. Mtu anayeficha kosa lake anampa mwenzake alipe. Mpaka mguu upone, kila siku mukitoka shule mutasukuma ile baiskeli ya makala. Nyie wawili. Baiskeli moja."

Stanislas aliiokota stika chini ya kiti, akaipangusa vumbi. "Mie bado naitaka," alisema. "Lakini ibandikeni mlangoni. Mungu hakuomba afichiwe kitu."

Jioni, wakiwa weusi kwa makala mpaka masikioni, watoto waliketi kula. Michée aliishika sahani. Exaucée akakunja ngumi. Michée akaisukuma katikati.

Kuku alisubiri karibu yao mpaka bukari ikaisha, kisha akaondoka amenuna.