Tundu Lililozibwa Kimya

"Nani kawasha msumeno?"

Aliuliza Evelina, msimamizi wa zamu. Ilikuwa asubuhi kweupe, katika kiwanda cha minofu ya sangara ufukweni Mwanza, na mkono wa Chenge, mkata minofu, ulikuwa unasafiri na samaki kwenye mkanda, vidole bado vimekamata kisu. Chenge aliutazama ukienda. Kisha akaanza kupiga kelele.

Hakuna aliyegusa swichi. Misumeno iliongozwa na kompyuta, na kompyuta ilinuka udi na nywele zilizoungua.

"Jini," akanong'ona Evelina.

"Dada, acha ushirikina." Huyo ni Pius, aliyeiandika programu ile, akaiuza hapa na kwa kiwanda jirani ng'ambo ya ukuta. Alisema hivyo, lakini jasho lilimtoka puani.

Kwa jirani, kwenye msumeno kama ule ule, alifanya kazi Suzana, mdogo wake Evelina tumbo moja.

Akaitwa Mzee Ngosha, mganga wa Buswelu. Alifukiza, akaitegea mashine sikio, akamgeukia Pius. "Limepita kwako. Kuna mahali hukumuuliza mgeni jina."

Pius akapekua programu mpaka akapaona: mstari mmoja uliopokea amri ya yeyote asiyejitambulisha. Akaurekebisha. Ngosha akatamka maneno yake. Mashine ikalia kama mbuzi anayechinjwa, kioo kikapasuka, harufu ikatoka nje kupitia dirishani.

"Sasa pigeni mwano," akasema Ngosha. Kila Msukuma anajua: ukifukuza kibaya kwako, unapiga yowe la hatari ili majirani wafunge milango yao. "Linatafuta tundu kama lile."

"Mzee, nakuheshimu, lakini tusubiri kwanza," akasema Pius. "Leo wakaguzi wa Ulaya wako kwa jirani. Nikitangaza, nani atanunua programu yangu tena? Wakiondoka nitawapelekea diski mpya, polepole."

"Polepole? Mdogo wangu yuko kule!"

"Dada Evelina, ukitangaza tundu si unamwonyesha mwizi pa kupita?"

"Mwizi ameshapajua, we mjinga! Asiyejua ni Suzana!"

Pius akampungia mlinzi mkono, geti likafungwa. Evelina akaukimbilia ukuta, akapanda kwa kucha, akapiga mwano mpaka koo likachanika, na harufu ile ya udi na nywele ikampita juu ya kichwa bila haraka, kama mtu anayejua nyumba aendayo, na ng'ambo misumeno yote ikanguruma kwa pamoja, ikanguruma nyembamba, halafu ikanguruma nzito, nzito kama inapokutana na mfupa, na watu wakalia, na katika vilio vile akaitambua sauti moja ikimwita "Dada! Dada!" mpaka ikakatwa katikati ya neno.

Alipotua upande wa pili, mkanda ulikuwa bado unatembea. Ulimletea kilemba cha Suzana, kichwa kikiwa ndani yake.

Ngosha alimshika Pius shingoni. "Programu hii umeiuza wapi pengine?"

Pius akatazama ziwa, upande wa Musoma, halafu upande wa Bukoba. Hata sasa amenyamaza.

Nawe unayesikiliza, nakuomba: ukiziba tundu kwako, piga mwano kabla hujanawa mikono. Jirani yako yuko kazini.