Baba Aliyefariki Kwenye Fomu

Kila akitoka shule, Karani alipitia karakana ya baba yake, fundi wa kuchomelea vyuma. Jina hilo alipewa na baba mwenyewe kwa sababu ya mwandiko wake mzuri. Mteja hakukanyaga pale bila kuonyeshwa daftari la binti huyo wa miaka kumi na miwili, atake asitake.

Dada yake alisoma kemia chuoni, na karo ilikuwa imewashinda. Ukatangazwa ufadhili wa wanawake wanaosomea sayansi. Atakayechaguliwa angelipiwa masomo na kupewa mwanasayansi wa kumwongoza. Dada aliandika majibu yake kwenye karatasi, akampa Karani ayanakili kwenye fomu, maana mwandiko wake mwenyewe ulikuwa kama kuku kaparua.

Shuleni Karani alikuwa amesikia kwamba ufadhili ni wa yatima tu. Penye neno "Baba", dada alikuwa ameandika "fundi". Karani akaandika "amefariki". Huko karakanani, huyo marehemu alikuwa akipiga nyundo na kuimba. Dada akatia sahihi bila kusoma. Nani asingemwamini Karani?

Dada akachaguliwa, na furaha ikajaa nyumba nzima. Lakini njia ya mwongo ni fupi. Siku moja mkemia aliyepangiwa kumwongoza, mama wa makamo, akaja kuwatembelea. Alimkuta baba karakanani, miwani ya kuchomelea kichwani, mabinti wakiwa kando, akadhani ni baba yao mdogo.

"Poleni sana kwa kumpoteza baba wa hawa mabinti," alisema.

Baba akauliza baba yupi. Fomu ikatolewa. Aliisoma taratibu, kidole kikifuata mistari, akautambua mwandiko aliokuwa akiujivunia mbele ya mtaa mzima. Mkemia akamgeukia dada, akamuuliza kwa ukali kama yeye ndiye aliyedanganya. Dada akamtazama mdogo wake, machozi yakamlengalenga, akajibu kwamba sahihi ni yake.

Karani alitamani ardhi ipasuke immeze. Akinyamaza, dada angebeba lawama yote.

"Ni mimi niliyeandika, mama. Dada hakujua," alisema, akaangua kilio.

Mkemia aliketi kwenye benchi. Alieleza kwamba kanuni ni moja: fomu yenye uongo huondolewa, na nafasi hupewa mwingine. Kisha akasema jambo lililomchoma Karani kuliko yote. Hakuna aliyekuwa akitafuta yatima. Dada alichaguliwa kwa alama zake za kemia.

Mwaka ule dada alikaa nyumbani. Mkemia hata hivyo hakumtupa. Kila Jumamosi alimwita maabara akamfundisha. Fomu ya mwaka uliofuata dada aliijaza mwenyewe, kwa mwandiko wake ule ule wa kuku, na akapata. Karani hakuombwa hata kushika kalamu, na hilo lilimuuma kuliko fimbo.

Dada aliporudi chuoni, baba alimwita Karani, akamwonyesha lango alilokuwa akilitengeneza.

"Mwanangu, kiungo kibovu nikikipaka rangi, lango litapendeza. Ila siku moja litamwangukia mtu, na mara nyingi siye aliyelipaka. Uongo ndivyo ulivyo. Ulitaka kumsaidia dada yako, ukamwangushia lango." Akaokota nyundo yake. "Na mimi siku hizi nikikuona umeshika kalamu, najipapasa kwanza kama nipo hai."

Ulikuwa utani, lakini baba mwenyewe hakucheka. Akashusha miwani yake, akarudi kazini. Wateja walikuja na kuondoka siku ile, na hakuna aliyeonyeshwa daftari.