Pampu Isiyo na Pistoni

Kila siku baada ya masomo, Kidoti alifuta vumbi kwenye kibodi, akawasha kompyuta ya karakana ya shule na kufungua mchoro wa pampu. Kisha alichonga penseli zote za mwalimu, maana faili lilikuwa zito na kompyuta ilijikokota kama inapanda mlima. Siku hiyo hata penseli ya kwanza hakuimaliza. Pampu ilikuwa imeshatokea kwenye kioo.

"Si nilikwambia uniachie mimi?" Machachari alijipiga kifua. Walikuwa wamekaa dawati moja tangu darasa la kwanza, na jana yake alijitolea kulipunguza uzito faili hilo.

"Umetoa nini?" Kidoti aliuliza.

"Thredi za bolti tu, ile mikunjo inayoshika nati. Kingine sijagusa, mwenzangu."

Kidoti akamkumbatia.

Muda si mrefu, mwalimu wa ufundi aliingia na fundi mchomeleaji. Fundi alikuwa ameahidi kuitengeneza pampu wiki hiyo, kabla hajaanza kazi nyingine mbali, ili wanafunzi waache kubeba ndoo kwenda bustanini.

"Haya, mabinti, nionyesheni tumbo lake," fundi alisema.

Kidoti aliukata mchoro katikati kwa kipanya ili ndani kuonekane. Ndani hamkuwa na kitu. Pistoni ya kusukuma maji, aliyoichora muhula mzima, akiifuta na kuirudia, haikuwepo. Vali za kuzuia maji yasirudi hazikuwepo.

Fundi alikuna kichwa. "Sasa hii itavuta nini, pumzi? Mnataka niwachomelee debe?"

"Uliniambia thredi tu," Kidoti alisema polepole.

"Thredi zilinishinda kuzitoa," Machachari alinong'ona. "Nikaona haya kusema. Vya ndani havionekani, nikavifuta."

"Mchoro wa kwanza uko wapi?" mwalimu aliuliza.

"Nilihifadhi huu juu yake, ule ukafutika," Machachari alijibu.

Kidoti alisogeza kiti chake mbali.

Kwa bahati, flashi ya mwalimu ilikuwa na nakala ya wiki iliyopita. Ilifunguka taratibu mno, hata fundi akapiga miayo kwa makusudi.

"Tazameni," mwalimu alisema. "Kila bolti mmeichora upya na thredi zake. Chora moja iliyo laini, isiyo na thredi, kisha itumie kila mahali. Vya ndani vifiche tu unaposhughulikia nje. Ukivihitaji, unavirudisha."

Walifanya hivyo, wakachora tena vali moja iliyokosekana kwenye nakala hiyo. Safari hii mchoro ulifunguka upesi, na pistoni ilikuwa mahali pake.

"Hii sasa ni pampu," fundi alisema, akachukua mchoro ambao mwalimu aliuchapa kwenye karatasi. "Kesho nakata chuma."

Mwalimu alimgeukia Machachari. "Kutojua si kosa. Ungeuliza, ningekuonyesha. Lakini mtu akikuuliza umefanya nini, mwambie ulichofanya. Mwenzako anaijenga kazi yake juu ya neno lako."

"Samahani, Kidoti," Machachari alisema, akiangalia viatu vyake.

"Hakuna shida," Kidoti alijibu, kama alivyozoea kujibu kila alipoumizwa. Akavaa mkoba. Alipofika mlangoni akasimama, kisha akageuka.

"Shida ipo," alimwambia Machachari. "Pistoni naweza kuichora tena. Lakini nilikuuliza, ukanitazama usoni ukasema thredi tu. Nami nikakukumbatia."