Usipulize, Anyona

"Wewe bwana, hilo ni jiko?"

Anyona aligeuka, mashavu bado yamevimba. Soko la Daraja Mbili lilikuwa limefurika wauza ndizi na wabeba mizigo, na yeye, ndani ya shati lililopigwa pasi, alikuwa mbele ya kabati la mtandao akipuliza moduli ya mwanga. Aliyemkemea alikuwa Persis, msichana mwenye ovaroli ya rangi ya chungwa na hereni za jiwe laini la kuchonga la Tabaka.

"Kidude hicho kinalisha nyumba sitini kwa uzi mmoja wa kioo," Persis alisema. "Mate yakikaa kwenye jicho lake, zote sitini zinazimika." Akatoa kalamu ya kusafishia, akaisukuma tunduni. Tik.

"Ulisomea wapi, fundi?"

"Juu ya nguzo. Wewe?"

"Chuo kikuu."

"Pole."

Anyona akacheka, akaomba namba. Miezi mitatu simu hazikupoa.

"Umekula, fundi wangu?"

"Nimekula, mpenzi. Umepuliza?"

Ekerenyo, kwao Persis, waliahidiwa mtandao wa faiba katika kampeni mbili, na mara zote mbili waya ulipita juu ya vichwa vyao ukaenda kwa wakubwa. Persis alikumbuka hadi rangi ya kofia ya aliyeahidi. Safari hii waliunganishwa, na waya aliuvuta yeye mwenyewe. Wiki ya pili mtandao ukazimika. Ripoti ya kampuni iliyowaajiri wote wawili ikasema: kosa la fundi asiye na cheti. Chini yake, sahihi ya Anyona.

Persis akasimamishwa kazi. Akaifungia namba ya Anyona.

Siku ya nne Anyona alishuka kwenye boda boda katika kituo cha kuuzia majani ya chai Ekerenyo, viatu vyeupe vikiwa tope tupu. Wakulima walikuwa kwenye foleni, Persis na kikapu chake katikati yao.

"Moduli ya hapa niliichomeka mimi," akatangaza, wote wakisikia. "Mvua ilinikimbiza, nikapuliza. Ripoti waliiandika ofisini, nikatia sahihi bila kusoma."

"Bila kusoma! Na ndiwe mwenye cheti?"

Foleni ikaangua kicheko. Anyona hakucheka.

"Nimeandika nyingine, kosa kwa jina langu. Wewe unarudi kazini kesho. Mimi sijui."

Persis akamnyooshea kalamu ya kusafishia. "Kabati lile pale. Safisha, watu wanangoja."

Tik. Taa ikapepesa, ikatulia kijani. Dukani mtu akapiga kelele: "Imerudi!"

"Persis, nilete wazee?"

"Jumapili. Jumamosi ni Sabato." Akamfuta tope shavuni kwa kidole gumba. "Na chai ya mama huwa moto sana. Hiyo, puliza."