Ya Kwanza Isijue

Ijumaa asubuhi soko la Wadi Kabir huuza kila kitu ambacho watu wa Maskati wamechoka nacho: magari, makochi, mazulia, vitanda vya watoto ambao sasa wana watoto wao. Ungeweza kuuza hata upweke pale, ila bidhaa hiyo kila mtu anayo kwake.

Novemba ya mwaka 2003, mwishoni mwa safu ya magari, alisimama Kheiria na friji la gari miguuni pake, lile linalotumia umeme wa betri, la watu wanaopenda kulala majangwani. Alivaa abaya nyeusi isiyo na nakshi, shela ya zambarau, na miwani ya jua iliyoficha nusu ya uso. Nusu iliyobaki ilitosha kumsimamisha mtu.

"Hakuna hata anayelitazama, kaka," alikuwa akisema kwenye simu. "Nnalirudisha nyumbani."

"Mie nnalitazama," sauti ikamjibu kwa Kiswahili nyuma yake.

Akageuka. Mwanamume wa miaka arubaini na kitu, mrefu, kofia ya kushona kwa mkono imelala upande kidogo, kanzu yake ya dishdasha imenyooshwa na dobi. Mwanamke huijua pasi ya dobi na pasi ya nyumbani, na Kheiria aliijua hapohapo. Mwanamume huyo jina lake Marhoon.

"Linafanya kazi?" akauliza.

"Linafanya."

"Gari likizimwa linashika baridi mpaka lini?"

"Sijui. Jangwani lilikwenda na wengine. Mie likirudi nikiliosha."

"Kuliosha tu?"

"Bwana wee, umekuja kununua friji au kununua habari?"

"Kama bei ni moja, nifungie vyote."

Kheiria hakutaka kucheka, akacheka. Akataja bei, na Marhoon akatoa pesa bila kubishana.

"Huombi hata kupunguziwa? Basi wewe si mtu wa Unguja."

"Baba yangu wa Malindi ya Unguja kabisa, ila leo nimeona haya. Nipe na namba yako, likiharibika."

"Likiharibika mtafute fundi."

"Fundi nnaye. Sina mtu wa kumlalamikia."

Akampa namba. Tusemezane ukweli, Kheiria hakuwa mwanamke wa kugawa namba sokoni. Alikuwa na miaka thelathini na saba, mfamasia katika duka la dawa Ruwi, na alikwisha kuolewa mara moja, akaolewa vibaya. Mume yule alimwambia kuwa anaishi peke yake. Kumbe ana mke na watoto, na Kheiria ndiye nyumba ya pili: nyumba ya kuingiwa kimyakimya baada ya magharibi, isiyotajwa harusini wala msibani. Friji lilikuwa la mume huyo. Siku za baridi alilichukua akenda kupiga kambi na watu wa nyumba ya kwanza, kisha akarudi kulitua jikoni kwa Kheiria, linanuka samaki na raha za watu. Walipoachana, akalisahau. Kheiria akahamia kwa kaka yake Ghanim, Al Amerat, nyuma ya milima, akawa anaendesha gari kwenda na kurudi kazini huku anazungumza na redio.

Marhoon yeye alikuwa mjane. Mkewe alifariki kabla hawajapata mtoto, akamwachia nyumba ya vyumba vitano kule Al Khoudh, ambayo jioni ilimzidi. "Nyumba haijai mtu mmoja," alimwambia Kheiria mara ya kwanza alipompigia, "lakini gari linajaa." Ndiyo maana kila alipotoka wizarani alivua dishdasha, akavaa shuka na fulana, na kujifungia na Landkruza lake jeupe, kulitengenezea mahali pa kila kitu.

Simu zikaanza kuwa ndefu.

"Nimekata mbao za droo," Marhoon alisema jioni moja. "Mbili, upana wa buti zima. Moja ya vyakula, moja ya vyombo. Unavuta inakuja yote nje. Vikombe vya kahawa niweke vingapi?"

"Kwani mko wangapi?"

"Mmoja."

"Basi kimoja. Unaniuliza nini?"

"Kimoja kitaona uchungu."

"Hebu niondokee!" Kheiria alisema, naye kajilaza kitandani anachezea ncha ya shela. "Haya, weka viwili. Utie na kitambaa katikati, visigongane."

"Umesikia, friji? Bibie kasema viwili."

"Na hilo friji usilibane ukutani. Nyuma lina matundu, linataka kupumua."

"Kumbe unalijua!"

"Nimeliosha mpaka nimelijua mbavu."

Wakaonana, mchana, kwenye kimkahawa kilicho mkabala na duka la dawa. Safari hiyo Kheiria alivua miwani. Marhoon alipotia sukari mara mbili katika chai yake bila kujua, Kheiria alijua kuwa mambo yamekwisha kuwa mambo.

"Nataka nije kwa Ghanim," Marhoon alisema.

"Uje mchana."

"Mchana?"

"Jua likiwaka, majirani wote wapo barazani. Upaki mlangoni hasa, si kule pembeni. Mie sitaki mtu wa kunificha, Marhoon. Ukija, kila mtu akuone."

"Alkhamisi, baada ya Alasiri. Inshallah nitapiga na honi."

Hakumuuliza kwa nini. Alijua kuwa Kheiria aliachwa. Hakujua aliachwa baada ya kufichwa. Kheiria alikusudia kumwambia, akawa anaahirisha kama mtu anayeahirisha kung'oa jino.

Jumatatu, saa ya chakula cha mchana, akampigia. Marhoon alikuwa Wadi Kabir kwa Josphat, fundi Mkenya wa umeme wa magari. Boneti iko wazi, nyaya zimetapakaa, mikono yote miwili imeshikilia kitu.

"Nisubiri kidogo, habibti," akasema, akaitumbukiza simu mfukoni bila kuikata. Kheiria akasubiri, anatabasamu peke yake. Kutoka ndani ya mfuko akawasikia watu wawili wanazungumza.

"Arbab, bosi wangu, sasa hii ya pili unataka ikae wapi?"

"Nyuma, chini ya kiti. Isionekane."

"Na ya kwanza?"

"Ya kwanza usiiguse, Josphat. Hiyo ndiyo ya kunirudisha nyumbani. Na hapa ndipo pa kuangalia sana: nikizima tu, zitengane. Ya kwanza isijue hata kama kuna ya pili."

"Hapo usijali. Lakini ya pili itachoka, arbab. Itafanya kazi usiku kucha."

"Ichoke! Ya pili ni ya starehe tu. Imalizwe mpaka mwisho, na ikifa nitatafuta nyingine. Ya kwanza ndiyo ibaki salama."

Walikuwa wakizungumza habari za betri, na hakuna fundi ambaye asingewaelewa. Lakini Kiswahili chetu hiki tunachojivunia huita betri ya pili na nyumba ya pili kwa mdomo uleule. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na Kheiria hakuona unyasi, alisikia nyoka mwenyewe anapiga hesabu. Akakata simu.

"Mtandao huu!" Marhoon alisema alipotoa simu mfukoni.

Alipiga tena, na tena. Simu ya Kheiria ilikwisha kuzimwa.

"Alkhamisi akija yule mtu, mwambie arudi," Kheiria alimwambia kaka yake usiku ule.

"Kakukosea nini?"

"Kaka, usiniulize."

Alkhamisi Marhoon akaja kama alivyoagizwa. Dishdasha nyeupe, kilemba kimefungwa vizuri, udi unamtangulia. Akapaki mlangoni hasa, akapiga honi, majirani wakageuka. Ghanim akatoka mpaka getini, wala hakulifungua.

"Nisamehe, bwana. Dada yangu kabadili nia."

"Nimekosa nini?"

"Wallahi hata mie sijaambiwa."

Marhoon akasimama pale na kilemba chake, watu wanamtazama. Kisha akarudi garini, na kwa kuwa hakuweza kurudi Al Khoudh kwenye vyumba vyake vitano, akashika njia ya Yiti, ufukweni.

Kila kitu kilikuwa tayari, na hilo ndilo lililomuumiza. Alizima gari, akafungua nyuma, akavuta droo. Ikatoka laini bila kelele. Friji lilikuwa linafanya kazi kuliko alivyotumai. Maji yalikuwa ya baridi hasa, na alipoyanywa alitamani sana kumwambia mtu kuwa ni ya baridi. Hakukuwa na mtu. Friji likinguruma alijiona ana mwenzake, na likinyamaza alisikia mawimbi tu. Akamimina kahawa katika kikombe kimoja, akakiacha kingine ndani ya kitambaa, akakaa mpaka jua lilipozama. Miaka yote ya ujane alikuwa peke yake, lakini hakuwahi kuachwa peke yake. Siku ile aliachwa, akaliona hilo waziwazi.

Huku Al Amerat, Kheiria alikaa chumbani akiwasikiliza watoto wa kaka yake wakigombania televisheni. Wifi yake alimletea chakula, kikapoa. Alijiambia kuwa ameokoka. Mtu aliyeokoka hufurahi, yeye alikuwa akilia.

Jumamosi, saa sita mchana, duka la dawa limejaa, Marhoon akapanga foleni kama wagonjwa. Zamu yake ikafika.

"Unaumwa nini?" Kheiria akamuuliza, macho kwenye kaunta.

"Sijui. Nimekuja niambiwe."

"Rudi kwa ya kwanza, Marhoon."

"Ya kwanza ipi?"

"Ile isiyojua kama kuna ya pili! Ile ya kukurudisha nyumbani. Mie ya starehe, nitatumika mpaka nimalizike, nikifa utatafuta nyingine." Sauti ilianza kama mnong'ono, haikuishia hapo. "Nilikusikia kwa Josphat. Simu haikukatika."

Marhoon alimkodolea macho. Aliyarudisha maneno yale kichwani, moja baada ya jingine, na yalipomkaa sawa hakucheka. Kutocheka huko ndiko kulikomuokoa.

"Kheiria, zile ni betri."

"Betri!"

"Betri za gari, wallahi. Moja ya kuwashia injini, moja ya friji. Zisipotengana, friji linakunywa zote mbili, na asubuhi gari haliwaki. Unabaki huko huko jangwani."

Bibi mmoja aliyekuja kuchukua dawa ya presha alipandisha miwani. "Wanangu, mie nna haraka," akasema, "lakini hizo betri nataka kuziona."

Wakatoka wote watatu, Kheiria na koti lake jeupe la kazi, juani. Marhoon akafungua boneti, akaonyesha ya kwanza. Akanyanyua kiti cha nyuma, akaonyesha ya pili, imefungwa kwa mkanda, waya mnene mwekundu unatoka mbele mpaka kwake. Kheiria akaigusa. Ilikuwa betri.

"Basi ungeuliza tu," Marhoon alisema. Sasa ndipo hasira yake ilipotoka, polepole. "Neno moja. Mie kukaa peke yangu nimezoea. Kurudishwa getini mbele ya watu, sijui hata kosa langu, sijazoea hilo."

"Kuuliza niliuliza zamani. Yule wa kwanza nilimuuliza, akaniambia anaishi peke yake. Kama ulivyoniambia wewe."

Akamsimulia yote palepale, kando ya barabara: nyumba ya kimyakimya, kambi za wengine, friji la kuoshwa. Marhoon alisikiliza mpaka mwisho, kisha akakirudisha kiti mahali pake taratibu.

"Uje tena Alkhamisi," Kheiria akasema.

"Nitajuaje kama geti litafunguliwa?"

"Nitasema mwenyewe."

"Na dawa yangu?" akauliza bibi.

Alkhamisi ile Marhoon alikuja na shangazi yake, Bi Sayyida. Ghanim akafungua geti lote, wanaume wa jirani wakaingia kunywa kahawa, madirisha yakawa wazi. Kisha Ghanim akenda mpaka mlango wa chumba walimokaa wanawake, kama ada ilivyo, kumuuliza dada yake.

Mwari akiulizwa hunyamaza, na kunyamaza kwake ndiko kukubali. Kheiria alipoposwa mara ya kwanza alinyamaza, akainamisha kichwa, na kimya hicho kikamtia nyumba ya kimya. Lakini mwanamke aliyekwisha kuolewa haruhusiwi kukubali kwa kimya. Yeye lazima aseme.

"Kheiria," Ghanim akaita, "Marhoon kaja kukuposa. Unasemaje?"

Kheiria akaivuta shela yake, akaiweka sawa. Upande wa pili wa ukuta Marhoon alishika kikombe cha kahawa bila kukinywa, anasikia ule ukimya, anaona tena lile geti lililofungwa.

"Namtaka, kaka," Kheiria akasema, na sauti ikatoka dirishani mpaka barabarani. "Mie Kheiria, namtaka Marhoon."

Hakuna aliyemwomba arudie. Akarudia.