Geji Ilisema Themanini, Maji Yanachemka

Jamani, mvuke ulifumuka kwenye boneti tukiwa katikati ya barabara... na geji ya joto inasema themanini!

Themanini! Yaani salama salmini!

Mimi nipo kiti cha nyuma, mjukuu mapajani. Binti yangu ndiye anaendesha.

"Simama! Mtoto ataungua!"

Tulipona. Lakini nisikilizeni, nyie wenye magari ya zamani.

Gari letu limemzidi binti yangu umri. Geji yake ya joto ilikufa, tukaita fundi afunge mpya. Anajiita Injinia. Injinia! Miwani ya jua kivulini, spana ya kuazima.

Mwanzo sindano ya geji ilikuwa inapanda, mimi napiga kelele kila safari. Injinia akaja "kuirekebisha". Tangu hapo haivuki themanini.

Baada ya mvuke ule nikamwita nyumbani.

"Mama, geji haina kosa. Gari limechoka tu."

"Uliipima na nini?"

"Jicho la kitaalamu."

Jicho! Mnamsikia?

Nikabandika sufuria ya maji, gari likiwa mlangoni pa jiko.

"Chomoa hiyo sensa inayopima joto. Vuta waya, itumbukize humu."

Akacheka. "Mama, haya si mambo ya kupika."

"Mimi niliishia darasa la saba, ila najua maji yakichemka ni mia. Hata wewe ulifundishwa, kama hukuwa mtoro."

Akaunga nyaya, jasho linamtiririka. Maji yakatokota...

Sindano ikapanda. Ikafika themanini. Ikakaa!

"Haya Injinia, ishirini zimekwenda wapi?"

Anakuna kisogo.

"Niliichomoa sindano, nikairudisha chini kidogo. Lakini niliagizwa, Mama."

"Na nani?!"

Akamtazama binti yangu, aliyesimama kando ya gari.

Binti yangu wa kumzaa!

"Mama, ulikuwa hunyamazi," akasema, macho chini. "Nilitaka utulie tu."

Nitulie! Nusura nitulie kaburini, na mwanao mapajani!

Injinia akaipachika sindano kwenye mia, maji yakiwa bado yanatokota. Kufungua rejeta ya kupozea injini, imeziba kama bomba la sinki.

Wazazi wenu wakiogopa, tafuteni wanachokiogopa. Msiwashushie sindano.

Siku hizi anayechungulia geji ni binti yangu. Mimi natazama dirishani.

Na Injinia? Nasikia kabadili jina, sasa ni Daktari wa Magari.

Akija kwenu, bandikeni sufuria kwanza.